Picha ya mdeni: iondoe kwanza, ndipo udai

Pole dada wa mitumba hapo Memorial, Moshi. Mteja kabeba mzigo wa laki nne, hapokei simu, nawe umeshamrusha kwenye grupu, picha na kitambulisho, umeandika "tapeli". Deni ni halali yako, ila hiyo picha inamgeuza yeye mlalamikaji. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza ujumbe wa makusudi wa kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu moyo, na faini yake haipungui milioni 5. Laki nne inakuwa chenji hapo.

Ifute leo, uchague "futa kwa wote". WhatsApp inakupa kama siku mbili tu; zikipita, inabaki simuni mwa watu. Kitambulisho ndicho kibaya zaidi, matapeli wenyewe wanakisaka.

Mazungumzo yenu, kinyume chake, usiguse. Yatume yote kwenye barua pepe yako, pamoja na meseji za malipo ya awali. Kisha mwandikie barua ya madai: kiasi, tarehe, siku 14 za kulipa. Mkabidhi mbele ya shahidi, ubaki na nakala. Akinyamaza, nenda Mahakama ya Mwanzo. Wakili si lazima. Ila akikuwahi polisi, mwone wakili kabla hujaandika maelezo.