Kukodi majaruba ya mpunga: ninayowaambia wadogo zangu kila Agosti

Jumanne iliyopita nilikuwa napita kwenye tuta la mfereji mkuu, nikawakuta vijana wawili wamechuchumaa na mzee mwenye shamba, wanahesabu noti juu ya tanki la pikipiki. Ekari tano, misimu mitatu, hela yote mkononi. Makubaliano yalikuwa yameandikwa kwenye kipande cha daftari, mistari minne, na neno maji halimo. Nikasimama, nikawauliza kama wamepima. Mmoja akanijibu kwa heshima kabisa, "Dada, tumeshaelewana na mzee."

Hayohayo niliyasema mimi Septemba 2021. Ndiyo maana leo naandika, na wadogo zangu mnaokuja bonde la Usangu huku Mbeya na mtaji wa kwanza mnivumilie, nimeyasema haya kwa mdomo mpaka yamenichosha. Najua mnajua kulima. Kuvuruga tope mnajua, kitalu mnajua, mbegu ya SARO 5 mnaijua kuliko mimi. Mnachokosea ni kabla pawatila, trekta dogo la mkono, haijaingia shambani.

1. Pimeni. Ekari ni hatua 70 kwa 70, hatua za mtu anayetembea, siyo za anayeruka mtaro. Majaruba ya huku yamegawanywa na wajomba na mashemeji kwa miaka mingi, kwa hiyo ekari mbili za mdomoni zinaweza kuwa moja na robo tatu. Zinaweza pia kuwa mbili na nusu, maana nimeshuhudia mwenye shamba akijipunja mwenyewe. Shikeni kamba wote wawili, jirani wa shamba akiwepo.

2. Ulizeni maji kabla ya udongo. Jaruba la kichwani mwa mfereji na la mkiani si bei moja, hata kama udongo ni uleule mweusi. Shida ni kwamba tunakodi Agosti na Septemba, wakati kote ni kukavu na mashamba yote yanafanana. Basi inameni muangalie mabua ya mpunga uliovunwa. Pale maji yalipokaa, bua ni nene na limeshika utando wa tope la kijivu mpaka usawa wa kifundo cha mguu. Pale yalipokuwa yanafika kwa kubahatisha, utakuta magugu ya ndago, na bua ni jembamba kama njiti. Halafu mtafuteni mgawa maji wa tawi lile, mumuulize zamu ya shamba hilo huangukia lini. Msione aibu kumsumbua. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulikuwa unatiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi huko chini katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo suala la nani afungue mfereji na lini limekuwa zito kwa bonde zima. Anayekuambia "maji ya hapa hayana shida" mwambie aandike hivyo kwenye karatasi, na aandike pia kodi itapungua kiasi gani yasipofika. Na ada ya maji analipa nani? Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, anatoka nani? Nimeona watu wakinyimwa zamu Februari, mpunga una wiki tatu tangu upandikizwe, kwa sababu mpangaji alidhani msaragambo ni wa mwenye shamba na mwenye shamba alidhani ni wa mpangaji.

3. Msifunge bei ya misimu mitatu kwa shilingi.

Hili nitalisema kwa urefu, kwa sababu lina sura ya mtu.

Mwaka 2021 bei ya mpunga ilikuwa imeanguka. Wanaokumbuka wanakumbuka, mimi niliuza gunia kwa 45,000 na nikashukuru kupata mnunuzi. Bibi mmoja, mjane, mwenye ekari nne safi kabisa kichwani mwa tawi letu, alikuwa na nyumba iliyoezuliwa na upepo. Alitaka bati kabla ya mvua za Novemba. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, turubai limefunika chumba kimoja. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia: bibi, ekari moja laki moja kwa msimu, misimu mitatu, nakulipa yote leo. Milioni moja na laki mbili. Akaniuliza mara moja tu, "Mwanangu, na bei ikipanda?" Nikamjibu kwamba na ikishuka hasara ni yangu, kwa hiyo tuko sawa. Akafikiri kidogo, akaitikia.

Jibu langu lilisikika kama haki. Halikuwa haki, na nilijua. Bei ilikuwa chini kabisa, haikuwa na mahali pa kushukia. Mtu yeyote aliyekaa na mpunga miaka mitano angejua kilichobaki ni kupanda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja shambani. Yeye alikuwa na turubai.

Msimu wa kwanza mbolea ilikuwa ghali, mfuko wa Urea ulipita laki, kwa hiyo mnaotaka kunitetea mna pa kuanzia. Nilivuna magunia 96 katika ekari nne. Nikauza machache Julai kulipa madeni, mengine nikaweka ghalani. Mnajua kilichotokea. Kufika Januari 2023 nilikuwa nauza gunia kwa 120,000, na kilo ya mchele ilikuwa imefika elfu tatu.

Januari hiyohiyo nilikuwa mashineni, nakoboa. Watu wa rejareja walikuwa wamepanga foleni kwenye mizani, na katikati yao nikamwona bibi, ana mfuko wa plastiki uliokunjwa vizuri mara nne. Zamu yake ilipofika akaniamkia yeye kwanza kabla sijamwahi kwa shikamoo, akasema anataka kilo mbili. Kijana wa mizani akapima. Bibi akaziangalia zile punje, akachota chache kiganjani, akazipeperusha kwa pumzi, akauliza, "Huu ni wa kwangu?" Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua kama ni wa shamba lake, kama mtu anavyouliza habari za mtoto aliyeolewa mbali. Nikasema ndiyo bibi, ni wa kwako. Akafungua fundo la kanga, akahesabu elfu sita, akanipa.

Nikapokea. Watu walikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikaona haya kumrudishia mbele yao, nikajiambia nitampelekea baadaye. Nilimpelekea baadaye, gunia zima. Lakini mkono ulishapokea, na mpaka leo nikipita kwenye mashine ile nauona ule mfuko ukikunjuliwa.

Usiku ule nilipiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga Septemba. Laki nne kwa msimu, kwa bei ya siku tuliyokubaliana, zilikuwa karibu magunia tisa. Tisa kwa 120,000 ni 1,080,000. Kwa maneno mengine, kama tungeandika magunia badala ya shilingi, msimu mmoja ungempa karibu hela yote niliyomlipa kwa mitatu. Mimi nilimlipa thamani ya magunia matatu na kitu.

Kwa hiyo sasa sikodi kwa shilingi ninapokodi zaidi ya msimu mmoja. Naandika magunia. Mwenye shamba akihitaji hela mapema, namtangulizia sehemu, na tunaandika leo hiyo sehemu ni magunia mangapi, tena ya msimu gani. Yaliyobaki, siku ya kuvuna anachagua mwenyewe: achukue mpunga akauhifadhi, au achukue hela kwa bei ya sokoni siku hiyo. Gunia tunaliandika kwa kilo, maana gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita kipimo, likiingia kwenye mkataba kila mmoja atakuwa na gunia lake.

Mangapi kwa ekari? Badilisha gharama zote ziwe magunia: kulima, kuvuruga, kupandikiza, palizi, mbolea, kuwinga ndege, kombaini, na jasho lako mwenyewe, ambalo vijana wengi huwa mnalisahau. Ekari ikitoa magunia 24 na gharama zikala 15, yamebaki tisa. Mimi humpa mwenye shamba theluthi ya yaliyobaki nikibeba gharama zote mwenyewe, na nusu kama ametoa mbolea na ada ya maji. Maji yakikatika tukavuna chini ya kumi na mbili kwa ekari, kodi inashuka nusu. Chini ya sita, hakuna kodi. Wenye mashamba hawapendi kipengele hicho mwanzoni. Waonyesheni na upande wao, kwamba bei ikipaa wanapaa nanyi.

4. Andikeni mnachoongeza shambani. Lile shamba la bibi lilikuwa na majaruba madogomadogo yasiyo sawa, maji yanasimama kona moja na nyingine inapasuka. Nilivunja kingo, nikasawazisha misimu miwili mfululizo, nikatengeneza toleo la maji la zege. Mwaka 2024 mkataba ulipokwisha, mjukuu wake aliyemaliza chuo alikodisha kwa mtu mwingine, kwa magunia, na akapata kodi nzuri kwa sababu shamba lilikuwa limenyooka. Sikuwa na neno la kusema. Kwenye karatasi yetu hakukuwa na kusawazisha wala zege. Kusawazisha kunalipa baada ya msimu wa pili au wa tatu, kwa hiyo msikubali kukufanya kwenye mkataba wa msimu mmoja bila kukata gharama kwenye kodi.

5. Wekeni tarehe ya kukabidhi na semeni mabua ni ya nani. Kuna mwenye shamba huku alimruhusu mfugaji kuingiza ng'ombe Julai wakati lundo la mpunga wa mpangaji bado liko chini halijapigwa.

6. Mume na mke wote wasaini. Kama shamba ni la urithi, ulizeni ndugu ni wangapi, na muulize kama kuna hatimiliki ya kimila na ina majina ya nani. Mtendaji wa kijiji aone karatasi na abaki na nakala. Mkigombana anzieni baraza la ardhi la kijiji, ambalo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 lina watu saba na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, na wazee wale wanalijua kila jaruba na nani alilima hapo kabla yenu.

7. Lipeni kwa simu, ujumbe ubaki.

Wale vijana wa Jumanne walikuja kwangu jana jioni na kile kipande cha daftari. Mzee alikuja nao, na nadhani ni yeye aliyewaleta. Walikuwa wamepima asubuhi: ekari nne na nusu. Tumeandika mpaka giza likaingia, na tumekwama kwenye kipengele cha maji, mzee anataka mpaka wa kushusha kodi uwe magunia kumi kwa ekari, vijana wanataka kumi na nne. Kesho anakuja na mke wake. Mizani nimeshaazima mashineni, ili gunia la mkataba lipimwe mbele ya wote kabla ya kuandikwa.