Andikeni Uamuzi Kabla ya Kubonyeza

Mwanafunzi akipewa mchezo wa kompyuta bila karatasi kando yake, atakachojifunza ni kubonyeza haraka. Kwa maabara ya shule ya Moshi yenye kompyuta kuukuu na intaneti ya kusuasua, anzeni na Hamurabi, mchezo alioutunga Doug Dyment mwaka 1968, ambamo mchezaji ni mtawala anayeamua nafaka ya kulisha watu, kupanda na kununulia ardhi kwa miaka 10. Hauna picha, ni maandishi na namba tu. Kipimo chake cha nafaka ni busheli. Darasani semeni debe, hesabu haziharibiki.

Toleo lililoenea huanza na watu 100, ekari 1,000 na madebe 2,800. Kila mtu hula madebe 20 kwa mwaka na hulima ekari 10. Debe moja la mbegu hutosha ekari mbili. Kulisha wote ni 2,000, kupanda kote ni 500. Yanabaki 300, na somo lote limo humo. Ukinunua ardhi, ekari ni madebe 17 hadi 26. Ukiyaweka ghalani, panya wanaweza kula hata nusu (watoto wa wakulima wa Kahe, karibu na Moshi, hawahitaji maelezo hapa). Mavuno ni debe moja hadi matano kwa ekari. Yakitoka moja tu, mwakani mna 1,300, hata panya wasipogusa, na njaa inabisha hodi: uza shamba au zika watu.

Gawa vikundi vya wanne: wa kibodi, wa hesabu, mwandishi, na mpinzani ambaye kazi yake ni kubisha. Wabadilishane kila mwaka wa mchezo. Kabla ya kubonyeza waandike wanaamua nini, kwa nini, na wanatarajia nini. Miaka 10 kwa dakika tano kila mmoja ni dakika 50. Vipindi viwili vya dakika 40 vinakuachia 30 za mjadala. Usizile.

Kosa kubwa ni la mwalimu: kusifu kikundi chenye ghala lililojaa. Mavuno ni bahati nasibu, kwa hiyo waliopanga vizuri huweza kuanguka, na wabahatishaji wakashangiliwa. Pima sababu zilizoandikwa. Pia kataza kuanza upya. Kikundi kinachofuta mwaka mbaya hakijaamua chochote.

Umeme ukikatika mchezo hupotea. Mwandishi anukuu watu, ekari na akiba kila mwaka, kisha mwendelee kwa daftari na dadu ya ludo kuamua mavuno. Ikitoka sita, rusheni tena.