Mgrevilea wangu mzee haujakatwa kwa miaka thelathini. Ukikatwa kichwa, yaani kuondolewa matawi na kubakizwa shina, unakufa?

Si lazima ufe, ila usiondoe matawi yote kwa siku moja. Mgrevilea uliozoeshwa kukatwa kichwa tangu ujana huchipua vizuri kila baada ya miaka michache. Ndivyo wakulima wa Embu na Meru wanavyopata kuni na fito bila kuangusha mti. Shida ni huo wako ulioachwa miaka thelathini. Macho ya kuchipua yamezibwa na gome nene, na akiba ya chakula haitoshi kulisha shina kubwa lisilo na jani hata moja.

Waingereza walilipata hili Burnham Beeches, msitu wa zamani karibu na London. Kuna miti ya bichi (beech, mti wa Ulaya) iliyokuwa ikikatwa kichwa zamani, ikaachwa zaidi ya karne. Walipoanza tena kwa kuondoa matawi yote, kadhaa ilikufa. Siku hizi wanapunguza polepole, awamu kwa awamu, wakiacha matawi yenye majani.

Kwa hiyo acha matawi mawili matatu mabichi, kata karibu na mwanzo wa mvua. Na usiukate usawa wa ardhi: mgrevilea mkubwa huchipua kwa nadra kutoka kisikini.