Mnaoanza kusoma habari za Malkia wa Sheba, pitieni huku kwanza

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, wa historia na wa masomo ya dini, asaimenti ya Malkia wa Sheba lazima mtakutana nayo, na karibu kila mwaka nikisaidia wanafunzi nakuta kitu kilekile, mtu kaandika "Malkia Makeda, pia Bilqis, wa Ethiopia, alimtembelea Sulemani akazaa naye Menelik", sentensi moja tu kachanganya vyanzo vitatu vilivyopishana karne kibao, ukimuuliza hili umelitoa wapi anakodoa macho. Maksi zinaondoka hapohapo.

Ninachowaomba ni hiki, kila chanzo kisome peke yake mpaka mwisho kabla hujagusa kingine. Anza na 1 Wafalme 10, ni mistari 13 tu, na inarudiwa 2 Mambo ya Nyakati 9. Humo hana jina wala mtoto. Ana maswali ya fumbo, ngamia, manukato, vito na talanta 120 za dhahabu, akimaliza anarudi kwao na watumishi wake. Ukisikia kingine chochote ujue kimetoka kwingine.

Halafu nendeni kwenye Kurani, Surat An-Naml aya ya 20 mpaka 44, na hapa msiende mbio kabisa, ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Hudhud, yule ndege wa Sulemani, analeta habari za mwanamke anayetawala Saba, ndiyo hiyohiyo Sheba, ana kiti cha enzi kikubwa, na watu wake wanasujudia jua. Sulemani anatuma barua. Sasa muangalieni anavyoipokea, anaita wakuu wake anawaambia mimi sikati shauri bila nyinyi kuwepo, wao wanamjibu sisi tuna nguvu na vita tunaviweza ila amri ni yako, na yeye wala hakimbilii vita, anasema wafalme wakiingia mji wanauharibu na watukufu wake wanawafanya wanyonge, ngoja nipeleke zawadi nione wajumbe watarudi na nini. Wengi wanaruka hapa wanakimbilia ile sakafu ya vioo kwenye jumba la Sulemani aliyodhani ni maji akafunua miguu, wakati akili yake ya utawala yote iko kwenye baraza lile. Na jina Bilqis halimo kwenye Msahafu, limo kwenye vitabu vya wanazuoni waliofafanua baadaye, kwa hiyo usiandike Kurani imemtaja hivyo.

Makeda na Menelik wanatoka Kebra Nagast, kitabu cha Kige'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, kilichokusanywa karne ya 14. Msikidharau kwa kuwa kimechelewa, kilibeba ufalme mzima kile, hata katiba ya Ethiopia ya 1955 iliandika wazi kwamba ukoo wa Haile Selassie unatoka kwa Menelik wa kwanza, mwana wa huyu malkia na Sulemani, mpaka alipopinduliwa 1974. Kwa Waethiopia wengi hiyo ni asili yao, muiandike kwa heshima.

Kwenye akiolojia sasa. Saba yenyewe haina ubishi, mji mkuu ni Marib, Yemen, kuna mabaki ya bwawa lake kubwa na hekalu la Awam ambalo wenyeji wanaliita Mahram Bilqis. Maandishi ya Kisaba yapo mengi, na yamevuka Bahari ya Shamu mpaka Yeha kaskazini mwa Ethiopia, ndo maana ule ugomvi wa kama malkia alitoka Yemen au Ethiopia mi siuoni kama una maana sana, watu walikuwa wanavuka. Ila hakuna jiwe hata moja linalomtaja malkia wa Saba wa karne ya 10 KK, enzi anazowekwa Sulemani. Walioandikwa ni malkia wa Waarabu wa kaskazini, Zabibe na Samsi, wapo kwenye kumbukumbu za Ashuru za karne ya 8 KK. Na lile jumba la Dungur kule Aksum, Ethiopia, linaloitwa kasri lake limejengwa karne nyingi baada ya Kristo, msilitumie kama ushahidi.

Swali la "je, aliishi kweli?" likija, usijibu ndiyo au hapana ukaweka kalamu chini. Andika kwamba Saba ina ushahidi, biashara ya ubani na misafara ya ngamia ina ushahidi, yeye mwenyewe bado, na Marib, ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2023 na papo hapo kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini, sehemu kubwa bado haijachimbwa na vita vimekwamisha kazi.