Walioona shaka nao walitumwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa kikundi chetu cha maombi huja kwa sauti ya chini, mara nyingi tukiwa tunakunja mikeka baada ya mkesha: "Dada, nitamwekeaje mtu mikono wakati kuna siku mimi mwenyewe sina hakika kama Mungu ananisikia?"

Swali hilo si geni kwangu. Lilinianza mwaka aliofariki mama. Tulifunga ukoo mzima, na watumishi wawili watatu walikuwa wameshatuhakikishia kwamba amepokea uponyaji wake. Baada ya mazishi niliendelea kuongoza maombi. Nasimama mbele, nakemea, watu wanaitika amina, na moyoni kuna sauti inaniuliza, unaongea na nani?

Kilichonishika ni mstari ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi tangu darasa la kipaimara. Mathayo 28:17. Wanafunzi kumi na mmoja wako mlimani Galilaya, Yesu aliyefufuka yuko mbele ya macho yao: "Nao walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Wamemwona, na bado! Mstari unaofuata, Yesu hawatengi wenye shaka pembeni kwanza wakatengenezwe. Anasema mamlaka yote ya mbinguni na duniani amepewa yeye, kisha anawatuma wote. Sijawahi kusikia mhubiri akikaa kwenye mstari wa 17. Wote hukimbilia wa 18.

Mamlaka ni yake, sisi tunatumwa nayo tu. Barua yako ya utambulisho ikishagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, benki hawaulizi kama mwenyekiti aliamka na wasiwasi siku ile. Wanaangalia muhuri. Ndivyo ninavyoelewa kuomba kwa jina la Yesu.

Soma pia Marko 9, taratibu. Wanafunzi walikuwa wameshapewa amri juu ya pepo wachafu tangu sura ya 6, wakaenda vijijini, wakafaulu. Sasa wanaletewa mtoto ambaye pepo humtupa motoni na ndani ya maji, wanashindwa hadharani, waandishi, yaani walimu wa sheria, wanabishana nao. Anakuja baba wa mtoto, mtu asiye na cheo chochote cha kiroho, aliyechoka, na ombi lake linaanza na "ukiweza". Yesu anamrudishia neno hilohilo, na baba analia: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto anafunguliwa siku hiyo. Wanafunzi wanapouliza faraghani kwa nini wao hawakuweza, jibu ni kwamba namna hii haitoki isipokuwa kwa kuomba. Yaani wale wenye uzoefu ndio walioambiwa waende wakaombe. Mwenye shaka alikuwa ameshaomba, sentensi moja tu, tena mbele ya umati.

Najua mtanitajia Yakobo 1, kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Ni kweli, na sitaki kuupunguza mstari ule. Ila Yakobo anaendelea kumwita mtu huyo mwenye nia mbili, mtu wa kusitasita katika njia zake zote. Huyo ana mguu huku na mguu kule na hataki kuamua. Baba wa Marko 9 alikuwa na nia moja, na shaka yake aliipeleka kwa Yesu, hakwenda nayo kwa mganga.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: acha kuifunika shaka kwa spika. Siku hizi tunapima upako kwa sauti iliyokauka na jasho. Wale wana saba wa Skewa katika Matendo 19, waliojaribu kumtoa mtu pepo, hawakukosa ujasiri wala maneno sahihi. Walilitaja jina la Yesu na la Paulo pia. Pepo akawauliza, "lakini ninyi ni akina nani?" Walikimbia uchi na majeraha. Walichokosa ni kumjua huyo waliyemtaja.

La pili, mtafute mtu mmoja aliyekomaa umwambie yote. Mimi nilikwenda kwa bibi mmoja wa usharika wetu, mlokole wa kale, wa ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka mpaka Bukoba. Wao walizoea kuyasema ya moyoni mbele ya wenzao. Huita kutembea nuruni. Hakushtuka hata kidogo. Aliniambia nimpelekee Mungu malalamiko yangu kwa Zaburi ya 88, ambayo inaisha gizani, kisha nirudi Jumamosi tuoshe vyombo vya kanisa. Hiyo kazi ya vyombo ilinisaidia kuliko semina nyingi. Tii lile dogo unalolijua, hata kama lile kubwa halijaeleweka: msamehe jirani, rudisha deni, soma sura moja, fika ibadani.

Shaka zangu hazijaisha zote. Zimepungua kelele, na nyingine zimehamia kwenye maswali mapya.

Ila namna yangu ya kuombea wagonjwa imebadilika. Namshika mkono, namuuliza anataka tuombe nini, naomba uponyaji waziwazi kwa jina la Yesu bila kuuma maneno. Halafu namwambia Bwana, ukiamua vingine usimwache peke yake. Simtangazii mtu kwamba amepona wakati sijui. Na kabla sijaondoka namuuliza kama amekunywa dawa, iwe za presha, kisukari au ARV. Dozi inaendelea mpaka daktari aseme vinginevyo.