Kwa nini kampuni za sigara hazikuipigania runinga mwaka 1971

Umeuliza kwa nini kampuni za sigara za Marekani zilikubali kirahisi hivyo kutolewa runingani na redioni, ilhali runinga ndiyo ilikuwa mashine yao ya kuuzia. Kwa kifupi, walikuwa wanapigwa humo humo.

Ripoti ya mganga mkuu wa serikali, Luther Terry, kuhusu madhara ya sigara ilitoka Januari 11, 1964. Sheria iliyofuata, ya 1965, husifiwa kwa kuleta onyo kwenye pakiti kuanzia 1966. Isome vizuri. Onyo lilisema tu kwamba kuvuta sigara huenda kukadhuru afya, na sheria hiyo hiyo ikazuia majimbo na tume ya biashara kudai onyo ndani ya matangazo hadi katikati ya 1969. Pakiti ikaonya, bango likanyamaza.

Maumivu yalitoka pengine. Wakili John Banzhaf alilalamika kwa FCC, mamlaka ya utangazaji: kituo kinachorusha tangazo la sigara kimegusa jambo lenye ubishi, basi kiupe upande wa pili nafasi. Mwaka 1967 FCC ikakubali. Haikudai dakika kwa dakika, ila kiasi cha tangazo moja la kupinga kwa matatu ya sigara, tena bure. Yaani kila ukilipia matatu, umemfungulia adui mlango wa la nne. Mwaka 1969 kampuni zikaenda zenyewe Seneti kujitolea kuondoka hewani, mradi zisishtakiwe kwa kula njama dhidi ya ushindani.

Rais Nixon alitia saini sheria ya kuziondoa hewani Aprili 1970. Marufuku ikaanza Januari 2, 1971, wala si tarehe 1, ili mechi za mwaka mpya zisikose fedha za matangazo hayo. Tangazo la mwisho, la Virginia Slims, lilirushwa saa 5:59 usiku wa Januari 1. Hapo ndipo penye utamu kwa kampuni: la sigara lilipotoka, la kupinga nalo likapoteza nafasi yake ya bure. Fedha zikahamia magazetini, kwenye mabango na michezoni. Mbio za magari za NASCAR zikaanza kubeba jina la Winston, chapa ya sigara, mwaka huo huo.

Kwa hiyo ukishika sheria yoyote ya namna hii, anza na kifungu cha tafsiri. Je, imesema "sigara" au "bidhaa za tumbaku"? Uingereza iliondoa sigara runingani Agosti 1, 1965, lakini sigara nene za majani na tumbaku ya kiko ziliendelea kutangazwa humo hadi 1991. Kisha tafuta udhamini. Usipotajwa kwa jina, gari la mbio ndilo bango. Mkataba wa tumbaku wa Shirika la Afya Duniani (WHO), unaotumika tangu Februari 27, 2005, unalitambua hilo: kifungu cha 13 kinadai marufuku kamili ndani ya miaka 5, udhamini ukiwemo, isipokuwa pale katiba ya nchi inapozuia.

Halafu angalia kama imegusa rangi na maumbo, maana jina peke yake halitoshi. Ferrari walikuwa na mistari kama ya msimbo pau ubavuni mwa gari lao la Formula 1. Wakosoaji wakasema gari likikimbia, mistari inasomeka kama pakiti ya Marlboro. Iliondolewa 2010.

Australia ndiyo ilikaza zaidi, Desemba 2012: pakiti zote rangi ya kahawia iliyofifia, isiyong'aa, onyo la picha likichukua asilimia 75 ya mbele na 90 ya nyuma, jina la chapa kwa herufi za Lucida Sans zisizozidi pointi 14. Nembo hakuna. Lakini sheria ililiacha jina lenyewe, na hapo ndipo kampuni zilipopenyeza: pakiti zikawa na majina marefu, na rangi iliyokatazwa kupakwa ikaandikwa kwa maneno.