Ameketi mbele, mbona bado haoni ubao?

SWALI: Nafundisha Darasa la Nne, wanafunzi 84. Mmoja ana ualbino. Nimemketisha dawati la mbele na ana miwani, lakini akinakili hafiki nusu. Husoma daftari likiwa puani, shingo kaipinda. Nikimwambia akae sawa, baada ya dakika anarudia. Nimsaidieje?
Mwalimu, Rungwe

JIBU: Mwalimu, kwanza iache hiyo shingo. Mboni za watoto wengi wenye ualbino huchezacheza zenyewe, na mtoto hugundua mkao ambao mboni hutulia, maandishi yakasomeka. Ukimnyoosha, unampunguzia uoni. Kusoma kwa karibu nako hakumharibii macho. Ndivyo anavyoyakuza maandishi. Kinachoumia ni mgongo. Fundi seremala akate plaiwudi ya ukubwa wa daftari lililofunuliwa, ukingo wa nyuma auinue kama sentimita 15, ili kitabu kimfuate mtoto.

Miwani ni muhimu, ila haimalizi tatizo: sehemu ya nyuma ya jicho inayotambua vitu vidogo haikukomaa.

Sasa tazama dirisha. Mwanga ukimpiga usoni, au uking'aa ubaoni, hata akiwa mita moja haoni. Mkalishe dirisha likiwa nyuma ya bega lake, na aruhusiwe kuusogelea ubao bila kuomba. Nawe soma kwa sauti kila unachoandika. Ukisema "namba hii jumlisha na ile" huku unaonyesha kwa chaki, yeye umemwacha. Sema "saba jumlisha tano".

Kunakili ndiko kunakomwangusha. Mpe muhtasari wako wa somo ulioandikwa kwa kalamu nyeusi nzito, au uliochapwa kwa herufi za pointi 18 hadi 24. Wengi hutoa fotokopi ya ukurasa wa A4 kwenye A3 wakidhani wamemaliza, kumbe herufi za pointi 12 zinafika 17 tu. Toa nusu ukurasa kwenye A3: zinafika 24. Penseli iwe 2B. HB hufifia mno machoni pake.

Mstarini na kwenye michezo msidanganywe na baridi na ukungu wa Rungwe. Mionzi ya jua hupenya mawingu, na huongezeka kadiri mnavyokuwa juu. Kofia ya ukingo mpana pande zote, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua inayorudiwa kila baada ya saa mbili. Sare isiwe sababu ya kumvua kofia.

La mwisho lina tarehe, tafadhali usilisubirishe. Upimaji wa Taifa wa Darasa la Nne una karatasi za maandishi yaliyokuzwa na muda wa nyongeza, lakini vyote hutegemea usajili. Kaa na mwalimu mkuu mhakikishe amejazwa kuwa ana uoni hafifu; asipojazwa, ataletewa karatasi ya kawaida, na siku ya mtihani msimamizi hana ya kumbadilishia. Mkikwama, mwoneni afisa wa elimu maalumu wa halmashauri.